Fundi wa kutuliza minara, na pini aliyoiacha namba saba

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mlango wa chuma wa mnara namba kumi na mbili unalia kwenye bawaba zake, na mwanamume wa miaka arobaini na saba anainama kuingia. Anainama kuliko inavyohitajika, maana kwenye kipaji cha uso ana kovu alilopewa na mlango kama huu mwaka wake wa kwanza kazini. Ndani ni giza, kuna baridi, na harufu ya grisi imekaa humo kama mpangaji wa siku nyingi. Anawasha taa ya kofia, anavuta mikanda ya mapajani mara mbili, anapachika ndoano kwenye waya wa usalama, kisha anaanza kupanda.

Vidato vya ngazi ni mia tatu na kumi na viwili. Hahesabu tena. Miguu imeshajua.

Lifti ipo, imesimama hapo chini na vumbi lake. Imeharibika tangu mwaka jana.

“Hii ni lifti ya wageni,” anasema bila kugeuza kichwa. “Wageni wakija inatengenezwa. Wakiondoka, na yenyewe inaondoka.”

Wenzake wanamwita Timazi. Jina la kwenye kitambulisho, anasema, libaki kwenye kitambulisho. Timazi ni ile kamba ya mwashi yenye kipande cha chuma mwishoni, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, na yeye alikuwa mwashi kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuja kwenye uwanja huu wa minara ishirini na mitatu ya upepo. Lakini jina hakulipata kwa uashi wake. Amelipata kwa kitu anachokitunza huko juu.

Chini kidogo ya kichwa cha kila mnara, ndani, linaning’inia pande la chuma la tani nne. Limeshikwa na fito nne ndefu, na sehemu yake ya chini imezama katika beseni la mafuta mazito. Mafundi hawaliiti kwa jina lililoandikwa kwenye michoro. Wanaliita timazi, na anayelihudumia naye akawa Timazi. Amelihudumia kwa miaka minane.

Tunafika. Mnara unakwenda. Si sana, kiasi cha upana wa kiganja, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Mgeni akifika hapa hukimbilia kushika ukuta, kumbe ukuta wenyewe ndio unaokwenda.

“Kaa chini, utazoea,” anasema Timazi akicheka. “Ukitaka kutapika, ndoo ile pale. Ile nyekundu ni ya mafuta, usikosee.”

Kisha anaeleza kazi yake, na anaieleza vizuri, kwa sababu anaipenda.

“Kila mnara una mwendo wake wa kuyumba. Upepo unausukuma, mapanga yanayozunguka huko nje nayo yanausukuma. Sasa mtoto ukimsukuma kwenye bembea kila anaporudi, si atafika mbali? Mnara nao ni hivyohivyo. Pande hili kazi yake ni ukaidi. Mnara ukienda kulia, lenyewe linabaki kushoto, linauvuta. Wakivutana hivyo, nguvu zote zinaishia kwenye mafuta. Mnara unatulia.”

Na usipotulia?

“Chuma kinachoka. Chukua waya, ukunje huku, ukunje kule. Mara ya ngapi utakatika? Hujui. Ila utakatika tu.”

Kulihudumia pande hilo maana yake ni kubadilisha mafuta, kupima fito na kukaza nati. Kabla ya kuligusa, lazima lifungwe lisicheze, maana tani nne zikikubana ukutani hutapata hata nafasi ya kupiga kelele. Kwa hiyo kuna pini mbili za chuma, nene kama kifundo cha mkono, zinazoingizwa kwenye matundu ya pande na ya ukuta. Zikiingia, pande linaganda. Kazi ikiisha zinatolewa, zinatundikwa kwenye kulabu iliyo hapohapo, na pande linarudi kwenye ukaidi wake. Hata pini moja ikibaki, limefungwa. Mnara mzima unakuwa hauna wa kuutuliza.

Hapa mafundi wana utaratibu wao, haumo katika kitabu chochote cha kampuni. Anayeingiza pini hujifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushoto, na hakifungui mpaka pini zote mbili zimetoka. Tena aliyefunga ndiye anayefungua. Mwingine hagusi pini isiyo yake, hata akiwa bosi. Vitambaa vyenyewe hukatwa na mke wa Timazi, anayeshona sare za shule nyumbani, kutoka kwenye mabaki ya nguo.

Mafundi hupanda wawiliwawili. Asiyeingiza pini ndiye anayetia saini katika kitabu kwamba zimetoka, baada ya kupanda na kuziona kwa macho yake zimetundikwa. Hiyo ndiyo sheria. Mazoea ni mengine. Mazoea ni kwamba unamwangalia mwenzako mkono. Ukiwa mtupu, unatia saini.

Mazoea yana taabu.

Gazeti hili lilimtafuta Timazi kwa sababu nyepesi kabisa. Tulitaka habari ya mtu anayezuia minara isitikisike, watu wasome Jumapili wakinywa chai. Siku ya kwanza ilikwenda hivyo. Alicheka, akatania, akaeleza. Alisema mshahara wa mwezi mmoja hapa ni sawa na wa miezi mitatu ya uashi, “tena uashi wa bahati”, na kwamba kwa mshahara huo binti zake pacha wako sekondari. Alisema kampuni hutoa kiinua mgongo kwa aliyetimiza miaka kumi, na yeye amebakiza miwili.

Siku ya pili, Jumatano, akiwa amepiga magoti kando ya beseni la mafuta, aliuliza kama kinasa sauti kinafanya kazi. Akajibiwa kinafanya kazi. Akajifuta mikono, polepole, kidole kimoja kimoja.

“Basi andika na la namba saba,” alisema.

Ukifungua kile kidirisha cha juu, namba saba unaiona. Minara mingine inazunguka. Wenyewe umesimama, mapanga yamefungwa. Umesimama hivyo miezi minne. Utabomolewa.

Mwenzake wa kupanda wakati huo alikuwa kaka mdogo wa mkewe, kijana wa miaka thelathini na moja ambaye uwanja mzima ulimwita Paka kwa jinsi anavyopanda. Timazi ndiye aliyemleta kazini. Ndiye aliyemfundisha kupachika ndoano, kusikiliza mnara, kuondoa woga. Walipanda pamoja miaka mitano. Wanaitana shemeji, kila mmoja kwa mwenzake, na mafundi wengine walikuwa wakiwatania kwamba hao wawili wameoana wao.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, karibu mwaka mmoja uliopita. Timazi aliingiza pini mbili, akajifunga kitambaa. Paka alikuwa jukwaa la katikati, akipandisha ndoo kwa kamba. Mafuta yakabadilishwa. Timazi akatoa pini ya kwanza, akaitundika. Ya pili ikagoma, kwa sababu pande lilikuwa limeiegemea. Ikigoma hivyo hulazimishi. Unangoja mnara urudi, pini inalegea, unaivuta haraka.

“Nikangoja. Mnara ukarudi, nikavuta, mkono ukateleza. Mafuta yakanirukia usoni, yakaingia jichoni. Yanachoma hayo, usione hivi. Sikuwa na kitambaa kingine. Nikafungua hiki cha mkononi, nikajifutia jicho, nikakitupa ndani ya ndoo.”

Papo hapo simu ya upepo ikaita. Upepo unapanda, kila mtu ashuke. Akakusanya spana zake. Akautazama mkono wake wa kushoto, kama afanyavyo kila siku.

“Ukawa mtupu. Miaka minane, mkono mtupu una maana moja tu kwangu: kazi imekwisha. Mkono ukaniambia imekwisha, nami nikauamini. Naapa, wakati ule kichwani hakikuwepo kitu kinachoitwa pini.”

Chini, upepo ukivuma, Paka alimwangalia shemeji yake mkono. Akatia saini.

Namba saba ukayumba miezi saba. Nani angejua? Kwa macho huoni. Kisha mwashaji wa mitambo akalalamika kwamba bolti za chini zinakatika. Wakaja wakaguzi, wakasugua rangi, wakakuta ufa kwenye kiungo kilichochomelewa, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Wakapanda juu. Wakaikuta pini.

Timazi alikuwa mwashi, hahitaji kufundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ufa wa chuma huzibi kwa mwiko.

Kikao kiliitwa. Pini ikawekwa mezani juu ya gazeti, ili isichafue meza. Wakubwa watano wakafungua kitabu, wakaiona saini. Aliyeingiza pini haandikwi humo; kwa wakubwa, mwenye saini ndiye mwenye kosa. Wakamwuliza Timazi swali moja tu: hii saini ni ya nani?

“Nikasema ni ya shemeji.”

Hawakuuliza tena?

“Hawakuuliza. Walichouliza ndicho nilichojibu.”

Alilisema hilo akitazama mafuta, si mtu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, “Usiniangalie hivyo. Najua.”

Msomaji ana haki ya kukasirika hapa. Mwandishi alikasirika, akatamani kushuka vidato vyote mia tatu na kumi na viwili bila kuaga. Hakushuka, kwa sababu aliyekuwa akisema alikuwa analia.

Paka alifukuzwa kazi siku ileile. Cheti chake cha kupanda minara kikazuiwa, na cheti kikizuiwa kwa kosa la saini hakuna kampuni nyingine inayokugusa. Mahakamani hakwenda, hana nguvu hizo. Aliandika rufaa ya ukurasa mmoja akisema aliuona mkono mtupu. Nani anajua habari za mkono mtupu? Kwenye vitabu vya kampuni hakuna kitambaa chekundu. Rufaa yake itasikilizwa na kamati ya kampuni Jumatatu saa tatu, na ushahidi wowote mpya mwisho wake ni Ijumaa. Usipofika, cheti kinafutwa moja kwa moja.

Sasa anapanga mbao katika ghala moja nyuma ya soko. Alichokuwa akikipata mnarani kabla ya chakula cha mchana, hapo anakipata kwa siku nzima. Chumba alichokuwa amepanga alikirudisha. Wazazi wa mchumba wake wakasema harusi ingoje kwanza, apate kazi ya kueleweka.

Na anaishi wapi? Anaishi kwa dada yake. Chumba cha nyuma, penye mifuko miwili ya saruji iliyobaki na baiskeli mbovu ya pacha. Miezi minne anakula sahani moja na mtu aliyemwangusha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hawakukosea hata chembe.

“Anaamka kabla yangu,” alisema Timazi. “Ananichotea maji ya kuoga. Ananiambia, ‘Shemeji, kuwa mwangalifu huko juu, usije ukaumia na wewe.’ Ningekuwa nimempiga kisu ingekuwa afadhali.”

Kwa nini basi sasa? Kwa nini si mwezi wa kwanza?

Aliupangusa ukingo wa beseni. “Mwanzoni niliogopa kazi. Watoto, unajua. Halafu nikaogopa siku zenyewe. Kila siku iliyopita ilikuwa imeongeza uzito. Nikasema kesho. Kesho haina mwisho, ndugu yangu.”

Alituomba tuwepo nyumbani kwake Alhamisi alasiri. “Bila shahidi nitaghairi,” alisema. “Najijua.”

Nyumba ni ya vyumba viwili, sebule, na kile cha nyuma. Mkewe, wanayemwita Mama Pacha, alikuwa dirishani kwenye cherehani, akipinda mashati ya shule. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sindano tatu zimechomekwa kifuani. Paka alikuwa hajatoka kazini.

“Mama Pacha, simamisha kidogo hiyo mashine.”

“Nina mashati sita ya kesho, baba. Wewe sema tu, masikio hayashoni.”

“Ni habari ya mdogo wako.”

Mguu ukasimama juu ya kanyagio.

Akamweleza. Hakuruka kitu: jicho, kitambaa, ndoo, mkono mtupu. Kisha akamkabidhi barua aliyoiandikia kamati, kurasa mbili. Mama Pacha aliisoma taratibu huku midomo ikicheza, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena.

“Pini uliiacha wewe.”

“Mimi.”

“Kwa bahati mbaya.”

“Kwa bahati mbaya, mama.”

“Sawa. Binadamu husahau. Hata mimi nimewahi kuacha sindano kwenye kola ya mtoto wa watu.” Akavuta pumzi. “Sasa niambie. Ulijua lini?”

Timazi akainama, akaokota uzi sakafuni.

“Nimekuuliza, ulijua lini?”

“Siku walipoiweka mezani.”

“Siku ileile waliyomfukuza.”

“Ndiyo.”

“Ukarudi hapa.”

“Nikarudi.”

“Nikakupakulia. Naye amekaa hapo, hapo kwenye kile kiti, mwanamume mzima analia kama mtoto. Na wewe ukamwambia nini? Hebu nikumbushe, nimesahau.”

“Nilimwambia avumilie.”

“Ukamwambia avumilie.” Alitikisa kichwa. “Ukala?”

“Nikala.”

Akaigonga barua kwa kidole. “Mbona humu hilo halimo? Humu umeandika bahati mbaya, bahati mbaya, kila mstari bahati mbaya. Pini ni bahati mbaya. Hii ya miezi minne nayo ni nini, baba?”

“Nikiliandika hilo, hata kile kiinua mgongo…”

“Liandike.”

Alichukua daftari la mmoja wa pacha, akachana karatasi mbili za katikati, akaziweka mbele ya mumewe pamoja na kalamu. Kisha akarudi kwenye cherehani, akashona. Lile shati la kwanza alilipinda upande, akalifumua, akaanza upya. Hakulia. Alipoona mwandishi anamtazama, alisema bila kuinua uso:

“Na wewe andika vizuri. Andika kwamba ni mume mwema. Miaka kumi na saba hajaniinulia mkono, hajaniachia watoto na njaa hata siku moja. Andika hilo, ndipo watu waujue uchungu wangu.”

Ijumaa saa nne asubuhi, Timazi aliingia ofisi ya kampuni akiwa amevaa shati la kwendea harusini. Karani akaipiga muhuri ile barua mpya, na nakala yake. Msimamizi wa uwanja akaitwa. Aliisoma amesimama, akavua miwani, akaisoma tena akiwa ameketi.

“Unajua unachokifanya?” aliuliza.

“Najua, mzee.”

“Lilikuwa limekwisha jambo hili.”

“Kwako lilikwisha.”

Msimamizi si mtu mbaya. Akamwambia akabidhi kofia, mikanda na funguo za minara mpaka kamati iamue, na kwamba Jumatatu waje wote wawili, yeye na Paka. Akasema hawezi kuahidi kitu. Aliyetia saini bila kuona naye ana lake la kujibu. Lakini kwa barua hii, alisema, cheti kinaweza kurudi. La Timazi mwenyewe hakulisema, wala Timazi hakuliuliza.

Njiani kuelekea soko alikuwa kama mtu aliyetua mzigo asijue mikono aiweke wapi. Alizungumza sana. Vifaa vyake vya uashi bado viko uvunguni mwa kitanda, mwiko umeshika kutu lakini kutu hutoka. Kuna jirani anataka kuongeza chumba. Pacha wamebakiza mwaka mmoja na nusu. Watabana, Mama Pacha atashona zaidi, watafika. Aliulizwa anatumaini nini hasa.

“Apande tena. Ni hilo tu. Yule hakuzaliwa kupanga mbao. Apate cheti, amwoe yule binti, wakae kwao. Mimi asiponisalimu nitaelewa.”

Ghala la mbao ni refu, lina paa la bati na vumbi linaloingia mpaka kooni. Paka alikuwa mwisho kabisa, amefunga leso puani, anapokea mbao kutoka kwenye gari. Alipomwona shemeji yake saa za kazi, tena kwa shati lile, alishtuka.

“Kuna msiba?”

“Hakuna msiba, shemeji. Soma hii.”

Aliisoma pale pale. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Ukurasa wa kwanza aliusoma haraka. Wa pili, ule wa miezi minne, uso wake ulibadilika kabisa. Mwenzake wa kwenye gari akaita, ubao unamngoja. Hakusikia.

“Ulikuwa unajua,” alisema mwishowe.

“Nilikuwa najua.”

“Kila siku.”

“Kila siku, shemeji.”

Paka aliivuta leso ikashuka shingoni. “Mimi nami sikupanda kuangalia. Kila siku nimekuwa nikijilaumu kwa hilo. Nimelala usingizi wa mang’amung’amu miezi minne, najiuliza, ni nini nilichokiona kwenye mkono wako? Nikaanza kuona labda kitambaa kilikuwepo, ni macho yangu. Dada akasema niombewe.”

“Hakikuwepo. Uliona sawasawa.”

“Niliona sawasawa,” alirudia, kama anayejaribu maneno hayo mdomoni. “Nikakuamini.”

“Ukaniamini.”

“Ndilo kosa langu hilo.”

Timazi alisema kuna nafasi. Msimamizi amesema cheti kinaweza kurudi. Alisema haraka haraka, akipandisha kidole kimoja baada ya kingine: cheti kikirudi, kazi itarudi, kazi ikirudi, wale wazee wa binti hawatakuwa na neno tena, harusi…

“Ameolewa,” alisema Paka.

“Nani?”

“Jumamosi iliyopita. Sikuwaambia nyumbani. Ningewaambia nini?” Hakupandisha sauti. “Alinisubiri miezi mitatu, shemeji. Alinipigia simu mara ya mwisho akaniuliza, ‘Kweli uliuona huo mkono mtupu?’ Nikamwambia sijui. Nikamwambia sina uhakika. Sasa mwanamke akae na mtu asiye na uhakika na macho yake?”

Maji yakimwagika hayazoleki, na hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Timazi alivikunja vile vidole alivyokuwa akihesabia. Alinyoosha mkono kama anayetaka kumshika bega, kisha akaona haifai, akaushusha. Dereva wa gari akapiga honi.

Paka aliikunja nakala ya barua mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa shati, akaufunga kifungo. Akaivuta leso ikarudi puani.

“Jumatatu saa tatu,” alisema. “Usije ukachelewa na huko.”

Akageuka, akaupokea ubao.

Kikao kitakuwa kesho. Timazi anasema atakuwa mlangoni saa moja.